Lori Lililolala Nakivale: Tazama Mafuta Kwanza, Pampu Baadaye



Mashine ya dizeli ikilala miezi mingi halafu ikakataa kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyeizima mara ya mwisho. Ni nadra kumsikia tajiri akisema, "Lori langu nimeliacha juani na mvuani nusu mwaka." Atasema, "Dereva ameniulia pampu." Na neno hilo pampu ni la kutisha, maana pampu inayorusha dizeli kwenye nozeli ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa kabisa katika injini. Likishatamkwa, kinachofuata ni kalamu na daftari: shilingi kadhaa zinakatwa mwezi huu, na nyingine mwezi ujao, mpaka mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kisa ninachotaka kuwasimulia kilitokea Nakivale. Wengi mnaijua kwa jina tu. Ni makazi ya wakimbizi yaliyo katika wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalifunguliwa karibu na mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia kwao, na baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, hata leo watu wake ni zaidi ya laki moja. Watu wanalima mahindi na maharage, wengine wanafuga, wengine wana maduka na mashine za kusaga. Gunia la mahindi halina miguu. Likitaka kufika soko la Mbarara halina budi kupanda lori, na malori yanayokubali barabara ile ya vumbi si yale mapya.

Lori lenyewe lilikuwa Mercedes-Benz 1113 la miaka ya 1970, lile lenye pua mbele, injini ya silinda sita isiyopungua lita tano na nusu. Vijana wa mjini hulicheka. Lakini ni mashine ya watu wenye subira: kila kitu kinaonekana kwa macho, kila nati inafikika kwa spana, na hakuna kompyuta ya kumficha fundi ukweli.

Mnakumbuka Januari 2022, madereva wa masafa walipogoma mpakani kwa sababu ya ada ya kupimwa Korona, malori yakajipanga Malaba na Busia, na mafuta yakaadimika Uganda nzima. Bei ya mafuta ilipanda hata mtu akaogopa kuuliza. Ndipo tajiri wa lori hili alipotoa amri liegeshwe. Dereva akaliegesha chini ya mti, tangi likiwa nusu. Mafuta yaliporudi tajiri alikuwa amekwisha kodi gari jingine, na lori likaendelea kulala. Likanyeshewa mvua zote za Machi mpaka Mei. Mwezi wa Julai, mahindi yalipokauka, akakumbuka kwamba ana lori.

Likapigwa stata mpaka betri zikafa. Likavutwa kwa trekta na kamba, likakataa. Akaitwa fundi kutoka gereji moja ya mjini. Akafungua boneti, akasikiliza stata ikizunguka, akafunga boneti. "Pampu imekufa." Gharama ya kuitengeneza ilikuwa sawasawa na bei ya ng'ombe mzuri wa Ankole. Tajiri akamwambia dereva kwamba nusu ya ng'ombe huyo itatoka katika mshahara wake.

Dereva huyo ni mwanachama wetu. Hakutukana wala hakugoma. Alipanda bodaboda mpaka tawini akasema, "Wazee, mimi sikatai kulipa nilichovunja. Nataka nionyeshwe nilichovunja." Kwa maneno hayo ndiyo nikatumwa Nakivale na mfuko wangu wa spana.

INJINI INATAKA NINI

Kabla ya kwenda mbali yafaa tukumbushane jambo. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto kupita tanuri la mkate, ndipo dizeli inaporushwa humo kwa ukungu mwembamba, nayo hujiwakia yenyewe. Kwa hiyo injini inataka mambo matatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate hewa, na ipate dizeli safi isiyochanganyika na upepo. Lori liwe la 1113, trekta la shamba la chai, jenereta la kiwanda au mashine ya posho, mambo ni hayo hayo.

Sasa kwa nini upepo ni adui? Nozeli katika injini kama hii haifunguki mpaka isukumwe kwa nguvu ya karibu mara 200 ya hewa ya kawaida. Tairi la lori lililojazwa vizuri halifiki hata mara 10. Dizeli haibonyei, ndiyo maana pampu ikiisukuma upande huu, upande wa pili nozeli inafunguka. Lakini upepo hubonyea. Pampu ikisukuma povu, povu linajikunja kama sponji na kukunjuka tena, na nozeli inabaki imefumba mdomo. Utapiga stata mpaka jioni. Pampu ni nzima, betri ni nzima, na lori halitawaka.

Fundi yule wa gereji alisikia injini inazunguka na haiwaki, akahukumu pampu. Ni kama daktari anayesikia mtu hali chakula, akahukumu kwamba hana tumbo.

TULIVYOANZA

Nilimkuta pale kijana wa Kikongo, fundi wa mashine za kusaga katika makazi, ambaye dereva alikuwa amemwomba aje. Nasema wazi kwamba kazi kubwa aliifanya yeye, mimi nilikuwa mzee wa kukaa kwenye jerikeni na kuuliza maswali. Aliponiona natoa waya za betri alisema, "Mzee, bado. Tuzungushe kwanza kwa mkono." Nikafurahi moyoni.

Hivyo ndivyo inavyopasa. Injini iliyolala miezi sita haipigwi stata kwanza. Unapima oili kwa kijiti chake. Kama oili imepanda kupita alama, au ina rangi ya chai ya maziwa, simama hapo hapo, maana kuna maji au dizeli ndani yake. Unatazama maji ya rejeta. Kisha unatia spana kubwa kwenye nati ya puli ya mbele, lori likiwa huru pasipo gia, na unaizungusha injini polepole mizunguko miwili kamili. Ikikwama mahali pamoja usilazimishe. Huenda maji yameingia silinda moja kwa njia ya ekzosi, na maji nayo hayabonyei. Anayepiga stata juu ya maji hupinda rodi, na hapo ndipo kweli kutakuwa na deni la ng'ombe.

Ya kwetu ilizunguka vizuri.

Halafu wadudu. Katika nchi yetu gari lililolala ni nyumba. Tulitoa kiota cha panya ndani ya filta ya hewa, magunzi ya mahindi na nywele za mbuzi. Bomba la ekzosi lilikuwa na nyigu wa udongo. Nyigu hao wakumbukeni, watarudi katika habari hii.

Betri tulizikuta zimekufa, jambo la kutarajiwa. Betri hupungua yenyewe hata kama haitumiwi, na ikikaa tupu muda mrefu sahani zake hushika ukoko mweupe usiotoka. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kiasi cha 12.6 ikiwa imetulia. Ikisoma chini ya 12, usitegemee kwamba itazungusha injini ya dizeli. Stata ikizungusha polepole hewa haipati moto wa kutosha, basi hata dizeli ikifika haitawaka. Tuliazima betri mbili za lori jingine, tukasugua vichwa vya waya mpaka viking'aa, na waya wa athi unaotoka injini kwenda chesi tukausugua pia. Huo wa athi husahauliwa sana. Nimeona watu wakinunua stata mpya kwa sababu ya kutu ya senti tano.

Hapa naomba mnisikilize. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Sigara iwe mbali. Unapounga waya za kuazima moto, waya wa mwisho, ule wa hasi, uunge kwenye chuma cha injini au chesi mbali na betri, ili cheche isiruke juu ya gesi. Maji ya betri yakirukia macho, oga macho kwa maji mengi safi kwa robo saa nzima kabla ya kutafuta gari la kwenda hospitali. Usianze na gari.

MOSHI HUSEMA

Tulipopiga stata mara ya kwanza nilimtuma taniboi asimame pembeni ya ekzosi, si nyuma yake, atazame rangi ya moshi. Ni kipimo kisicholipiwa. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika silinda lakini haiwaki: labda stata ni pole, labda baridi, labda injini imechoka mbano, labda kuna maji. Moshi mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa, tazama filta ya hewa. Pasipo moshi hata kidogo, dizeli haifiki.

"Hakuna kitu, mzee," taniboi akasema. "Ni upepo tu."

Basi tukawa tumejua upande wa kwenda. Tukatazama kwanza kamba ya kuzimia. Katika malori haya ya zamani unazima injini kwa kuvuta kitufe ndani ya kabini, nacho huvuta wenzo ulioko kwenye pampu, ambao hufunga mafuta. Kamba ikila kutu, kitufe kinarudi lakini wenzo unabaki pale pale. Dereva anapiga stata, naye amefunga mafuta mwenyewe pasipo kujua. Na ndivyo tulivyokuta! Wenzo umesimama kwenye kuzima. Tajiri, aliyekuwa amefika na mwavuli wake, akapiga makofi akidhani kazi imekwisha.

Tulilegeza kamba, tukatia oili nyepesi, na kijana akausogeza wenzo kwa vidole, mbele na nyuma, kama mara hamsini, mpaka ukawa unarudi wenyewe. Kwa vidole. Ndani ya pampu kuna pistoni ndogo zinazoingia katika nyumba zao kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita. Dizeli ikikaa muda mrefu huacha gundi ndani ya nafasi hiyo. Gundi hulainika kwa dizeli safi, muda na uvumilivu, lakini nyundo haijapata kulainisha pampu.

Kuna hatari nyingine hapo ambayo wengi hawaijui. Fimbo ya ndani ya pampu ikikwama kwenye mafuta mengi badala ya kuzima, injini ikiwaka itapaa, itazidi mwendo wake wala haitasikia kitufe, na inaweza kupasuka mbele ya watu. Kwa hiyo injini iliyolala muda mrefu usiiwashe mpaka umeona kwa macho yako wenzo unakwenda na kurudi. Na mtu mmoja asimame na ubao ulio tayari kuziba mdomo wa kuvutia hewa. Ubao, si kiganja cha mkono.

Tukapiga stata. Hakuna moshi. Tajiri akafunga mwavuli.

KUTOKA TANGINI MPAKA KWENYE NOZELI

Sasa tunafika mahali penyewe. Njia ya dizeli katika lori hili ni hii: inatoka tangini kwa bomba na mpira, inapita kichujio kidogo, inaingia pampu ndogo ya kuvuta ambayo ina kishikio cha kupampu kwa mkono, inapanda kwenye filta kubwa, inaingia pampu kubwa, halafu mabomba sita ya chuma mpaka nozeli sita. Fundi mwenye akili anaitembea njia hii kwa miguu, kituo kwa kituo, wala haruki kituo.

Tulifungua nati ya chini ya tangi tukakinga katika chupa nyeupe. Tuliiacha chupa juu ya jiwe wakati tunakunywa chai. Baada ya saa moja dizeli ilikuwa juu, maji chini kama vidole viwili, na katikati yake utando mweusi wa utelezi kama ute wa bamia. Tajiri akauliza nani ametia maji. Hakuna aliyetia maji. Tangi lenye nafasi tupu hupumua: mchana hewa hupata joto na kutoka, usiku huingia nyingine yenye unyevu, na unyevu hugeuka matone kwenye bati. Rudia hivyo usiku mia na hamsini kando ya ziwa, uone. Na penye maji chini ya dizeli humea viini vidogo vinavyokula dizeli. Ule utando ndio wao. Ukifika kwenye filta huiziba kama uji.

Dawa yake si kuongeza dizeli nzuri juu ya mbovu. Tulimwaga yote, tukaosha tangi kwa dizeli kidogo mara tatu, tukasafisha kichujio, tukatia filta mpya. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Kijana alipuliza, halikupitisha. Nyigu walikuwa wamelijaza udongo. Tundu hilo likizibwa pampu inavuta dhidi ya tangi lililofungwa, na hata likiwaka, lori litazima baada ya kilomita chache. Nyigu mmoja anaweza kumpotezea dereva kazi.

Kisha tukatoa upepo. Nitaeleza kwa utaratibu maana kazi hii kila dereva anaweza kuifanya barabarani kwa spana mbili. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta kubwa, mzunguko mmoja au miwili. Pampu kishikio kwa mkono. Kwanza itatoka hewa, halafu povu, halafu dizeli yenye mapovu. Endelea mpaka itoke dizeli tupu inayong'aa, na uikaze skrubu wakati bado inatoka, usingoje ikome. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa. Halafu legeza nusu mzunguko nati za mabomba mawili au matatu kwenye nozeli, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho na kupiga stata. Dizeli ikichuruzika kwa mapigo, kaza, na piga tena. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja, na ipumzike dakika moja au mbili, vinginevyo utaiunguza.

Na mkono wako usiwe mbele ya bomba wala nozeli. Dizeli inayotoka kwa nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kama kichomo cha mwiba, hakiumi sana siku ile, kesho yake mkono umevimba na pengine kidole kinakatwa. Aliyechomwa na dizeli aende hospitali kubwa saa ile ile, kwetu ni ile ya rufaa ya Mbarara, na aseme wazi: "Nimechomwa na dizeli ya nozeli." Asikubali kupakwa dawa na kurudishwa kazini.

Tulipampu. Ikatoka hewa. Tukapampu. Ikatoka povu. Tukapampu mpaka jasho likamwagika, na povu halikwisha. Tungekaza, tungengoja, tungefungua, povu tena. Hapo nilimwona kijana akitabasamu. Akasema, "Mzee, inakunywa upepo njiani."

JERIKENI LA USHAHIDI

Mpira wa upande wa kuvuta una ujanja wake. Ukipasuka upande wa kusukuma, dizeli inamwagika na kila mtu anaona. Ukipasuka kati ya tangi na pampu ndogo, haumwagi tone. Hapo pampu inavuta, na ufa unaingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Nje ni kukavu, ndani ni povu. Ndiyo sababu dosari hii imewanyang'anya watu wengi mishahara yao.

Kipimo chake ni rahisi nami naomba kila tawi lenye madereva likijue. Tulichukua jerikeni safi la dizeli safi, tukalifunga juu ya boneti kwa kamba, juu kuliko injini. Tukatoa mpira wa tangi kwenye pampu ndogo na kuunga mpira mpya wa plastiki unaoona ndani, kutoka kwenye jerikeni. Sasa dizeli inateremka yenyewe kwa uzito wake wala haivutwi kutoka mbali. Tukatoa upepo upya. Safari hii, mara ya ishirini au pungufu ya kupampu, ikatoka dizeli nyeupe.

Kabla ya kupiga stata nilimwita tajiri aje mbele. Nilimwambia, "Mzee, jerikeni hili halikutengeneza pampu. Likiwaka kwa jerikeni, pampu yako haijafa." Akakubali mbele ya watu, na watu walikuwa wengi, maana Nakivale jambo kama hilo halikosi watazamaji. Magurudumu tuliyatia mawe. Ubao ulikuwa tayari.

Mara ya kwanza, moshi mweupe. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika kwa silinda nne, ikatetemeka, halafu sita zote, na moshi ukafunika mti mzima. Watoto wakapiga kelele. Dereva hakupiga kelele, alikwenda akasimama nyuma ya lori peke yake.

Tuliporudi kwenye mpira wa zamani tulikuta ufa chini ya kibanio, mahali pasipoonekana mpaka uukunje. Jua lilikuwa limeukausha. Tulibadilisha mpira na wosha mbili za shaba. Ukijumlisha na filta, gharama yote haikufika hata mguu wa yule ng'ombe.

Naongeza maneno juu ya njia za mkato, kwa sababu tajiri alikuwa amejaribu zote. Kamba na trekta: lori hili linategemea upepo kwa breki, na injini ikiwa haifanyi kazi hakuna upepo. Ukilivuta likawaka kwa ghafula litamfuata mwenye trekta. Hata baada ya kuwaka usiliondoe mpaka kipimo cha breki kipande. Kitambaa cha petroli au dawa ya kupuliza mdomoni mwa injini: huvunja ringi na pistoni, na katika injini zenye plagi za kupashia moto kinaweza kulipuka usoni mwako. Kusukuma kwa mabega ya vibarua mlimani sitaki hata kukueleza.

MSHAHARA WA DEREVA

Jioni ile tuliketi na tajiri, dereva, na mwenyekiti wa tawi. Hapakuwa na matusi. Tulimwonyesha kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataja makato yanayoruhusiwa katika mshahara, kama kodi na michango ya chama, na kukisia kwa fundi si mojawapo. Mwenye malalamiko ana njia ya kwenda kwa Afisa wa Kazi wa wilaya, na njia hiyo haina ada ya ng'ombe. Tajiri aliuliza kama kijana wa Kikongo, kwa kuwa ni mkimbizi, ana haki ya kudai malipo ya fundi. Anayo. Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kazi ina ujira. Alilipwa usiku ule ule, taslimu, mbele yetu.

Makato yalifutwa. Lakini mwenyekiti alimgeukia dereva naye, na alifanya vema. Akamwuliza, "Ulipoegesha, uliandika wapi?" Hakuandika popote. Hapo ndipo udhaifu wetu ulipo. Kama angalikuwa na mstari mmoja katika daftari, tarehe, kipimo cha tangi, na sahihi ya tajiri aliyetoa amri ya kuegesha, maneno yote yale yasingalizaliwa.

Basi tuliandikiana pale pale. Lori likiamriwa kulala zaidi ya wiki mbili, tajiri atatoa mafuta ya kujaza tangi ili pasiwe na nafasi ya unyevu. Waya za betri zitafunguliwa. Mdomo wa ekzosi utafunikwa kopo. Magurudumu yatawekwa mawe na breki ya mkono iachwe, isije ikashikana na kutu. Kila baada ya wiki mbili dereva ataliwasha nusu saa, mpaka injini ipate moto kweli kweli, na saa hizo zitahesabiwa kuwa ni kazi. Hilo la mwisho tajiri alilipinga kwa muda mrefu kuliko yote. Akatia sahihi baada ya chai ya pili.

Alhamisi iliyofuata lori lilishuka Mbarara na magunia ya mahindi kwa njia ya Isingiro, jerikeni likiwa limerudishwa kwa mwenyewe. Mpira wa zamani dereva hakuutupa. Ameufunga kwa waya juu ya kioo ndani ya kabini, ufa ukitazama upande wa abiria, mahali anapoketi tajiri.